Nchi Jirani: Hukumu ya Jana na Hakimu wa Leo

Wako watu wengi wanaodhani kwamba sheria hutungwa Bungeni peke yake, na kwamba kazi ya mahakama ni kuifungua kanuni iliyoandikwa, kuisoma, na kuitumia kama ilivyo. Fikira hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba katika nchi zilizorithi utaratibu wa sheria wa Kiingereza, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, uamuzi uliotolewa leo na mahakama ya juu huwa ni sheria kesho kwa mahakama zote zilizo chini yake. Hakimu wa wilaya aweza kuusoma uamuzi huo akaona una kasoro. Aweza hata kuandika kwamba haukubali. Lakini maadamu umetoka juu yake, hana budi kuufuata. Ndiyo maana mawakili huingia mahakamani wamebeba vitabu vya kesi za zamani. Hawaendi kusimulia historia. Wanakwenda kumwonyesha hakimu kwamba njia imekwisha kukatwa, na kwamba hana ruhusa ya kukata nyingine.

Mtu aliye nje ya mahakama aweza kuona kuwa hayo ni mabishano ya wasomi. La hasha. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 2010 hadi mwaka 2024, maisha ya watu waliohukumiwa kunyongwa, na vifungo vya wengine wengi, vilitegemea swali hilo moja: ni uamuzi upi unaomfunga hakimu, na unamfunga mpaka wapi? Mambo yaliyotokea katika miaka hiyo kumi na minne yanafaa kuangaliwa kwa makini na kila nchi jirani, kwa kuwa mashina ya sheria za nchi hizi ni mamoja.

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleweka. Mahakama zimepangwa kama ngazi. Nchini Kenya, chini kabisa zipo mahakama za mahakimu. Juu yake Mahakama Kuu. Juu ya hiyo Mahakama ya Rufani. Na kileleni Mahakama ya Juu, iliyoundwa na Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 163 ya Katiba hiyo, katika fungu lake la saba, inaagiza kwamba mahakama zote, isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe, zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ina agizo la namna hiyo hiyo katika Ibara ya 132. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika mahakama, guu linalovunjika ni la hukumu yenyewe: hukumu inayompuuza mkuu hutenguliwa katika rufani.

Sababu ya kuwapo utaratibu huo ni usawa. Watu wawili wakitenda kosa la aina moja, katika hali iliyo moja, mmoja akashitakiwa Kisumu na mwingine Mombasa, haki haiwezi kuwa mbili. Ikiwa kila hakimu atafuata rai yake, mahakama zitageuka kuwa mchezo wa kura, na mwenye bahati ndiye atakayepona. Tena mtu wa kawaida hataweza kujua mapema sheria inamtaka afanye nini. Tajiri aweza kumudu mashaka hayo, kwani ataajiri wakili mmoja baada ya mwingine na kukata rufaa moja baada ya nyingine. Asiye na kitu hana kinga nyingine ila hiyo ya kuweza kusema: fulani aliyekuwa katika hali kama yangu alitendewa hivi, nami nitendewe hivyo hivyo.

Hata hivyo, si kila neno lililomo katika hukumu linafunga. Hukumu moja yaweza kuwa na kurasa mia. Ndani yake mna habari za kesi, hoja za mawakili, mifano ya nchi nyingine, na fikira za majaji juu ya mambo ambayo hawakuulizwa. Kinachofunga ni kiini cha uamuzi, yaani ile sababu ya kisheria iliyokuwa ya lazima ili shauri lile limalizike. Yaliyobaki ni maneno ya njiani. Huheshimiwa na yaweza kumshawishi hakimu, lakini hayamlazimishi. Kutenganisha kiini na maneno ya njiani ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na hapo ndipo Kenya ilipopata taabu.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 204, iliagiza kwamba mtu yeyote anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kunyongwa. Jaji hakuachiwa hiari. Kijana aliyekasirishwa na ndugu yake akampiga pigo moja la kufisha, na jambazi aliyepanga mauaji kwa muda wa mwezi mzima, wote wawili walipewa adhabu moja. Mshitakiwa aliulizwa kama ana neno la kusema kabla ya adhabu kutolewa. Alisema alivyoweza, akataja umri wake, watoto wake, majuto yake. Kisha jaji alitamka adhabu ile ile ambayo angeitamka hata kama mshitakiwa angenyamaza. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, na hivyo waliohukumiwa walikaa magerezani mwaka baada ya mwaka, wakingojea kifo kisichokuja na huruma isiyojulikana siku yake. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha adhabu za watu zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingojea kunyongwa, zikawa vifungo vya maisha. Lakini huruma ya Rais haibadilishi sheria, na mahakama ziliendelea kutoa hukumu hiyo hiyo.

Tarehe 30 Julai, 2010, Mahakama ya Rufani ikiwa katika kikao chake cha Mombasa iliamua kesi inayojulikana kwa jina la Mutiso. Ilisema kwamba adhabu ya kifo yenyewe haipingani na Katiba, lakini kuifanya kuwa ya lazima kwa kila muuaji kunapingana nayo, kwa sababu kunamnyima mshitakiwa haki ya kusikilizwa katika jambo la adhabu. Uamuzi huo ulizifunga Mahakama Kuu na mahakama zote za chini. Katika hukumu hiyo hiyo majaji waligusia kwamba hoja zile zingeweza kuhusu pia makosa mengine yenye adhabu ya kifo, kama vile uhaini na wizi wa mabavu, lakini wakasema wazi kwamba hawakuwa wakiamua juu ya hayo. Kwa maneno mengine, juu ya mauaji walitoa kiini. Juu ya wizi wa mabavu walitoa maneno ya njiani.

Kisha ukaja mwezi wa Oktoba mwaka 2013. Mahakama ya Rufani hiyo hiyo, safari hii ikiwa na majaji watano, ilisikiliza rufani ya watu waliohukumiwa kunyongwa kwa wizi wa mabavu, katika kesi iitwayo ya Mwaura. Majaji hao walisema kwamba kesi ya Mutiso ilikosea ilipowapa majaji hiari ambayo sheria haikuwapa, na kwamba pale sheria iliposema mtu atahukumiwa kufa, maana yake ni lazima. Hivyo mlango uliofunguliwa mwaka 2010 ukafungwa. Tazama basi hali ilivyokuwa. Muuaji aliyehukumiwa mwaka 2011 aliweza kuomba apewe adhabu inayolingana na mazingira ya kosa lake. Muuaji wa kosa la namna hiyo hiyo aliyehukumiwa mwaka 2014 hakuweza. Katiba haikuwa imebadilika kati ya miaka hiyo. Kanuni ya Adhabu haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni uamuzi uliokuwa ukiwafunga majaji.

Ilibidi basi kauli itoke kileleni. Tarehe 14 Desemba, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika kesi ya Muruatetu, iliyoletwa na wafungwa wawili waliokuwa wamepatikana na hatia ya mauaji. Mahakama hiyo ilitamka kwamba ulazima wa adhabu ya kifo katika kifungu cha 204 ni kinyume cha Katiba. Haikuifuta adhabu ya kifo. Ilichofuta ni ulazima wake. Iliwarudisha wafungwa wale wawili Mahakama Kuu ili wasikilizwe juu ya adhabu tu, si juu ya hatia. Kesi ya Mwaura, katika jambo la mauaji, ikawa imekwisha.

Habari hiyo ilienea magerezani upesi. Wafungwa wasiojua kusoma walisomewa na wenzao. Maombi ya kutaka kuhukumiwa upya yakamiminika katika Mahakama Kuu. Wala hayakutoka kwa wauaji peke yao. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu waliomba, na waliofungwa kwa makosa ya kunajisi watoto, ambao sheria ya mwaka 2006 imewawekea vifungo visivyoweza kupunguzwa, nao waliomba. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikubali kuipanua kesi ya Muruatetu. Ilisema kwamba ikiwa ulazima wa adhabu ni mbaya kwa muuaji, basi ni mbaya vile vile kwa mwizi wa mabavu na kwa mnajisi. Mahakama Kuu, zikiwa zimefungwa na Mahakama ya Rufani, zikafuata. Wafungwa wakapunguziwa vifungo, na baadhi yao wakatoka.

Je, Mahakama ya Rufani ilikosea? Kwa mantiki, hoja yake ilikuwa na nguvu. Kwa sheria ya nchi hiyo, mtu aliyekuwa na mwenzake mmoja, wakamvamia mpita njia na kumpiga ili wamnyang'anye mali, ametenda wizi wa mabavu wa aina inayostahili kifo, hata kama mpita njia huyo alipona. Kumpa nafasi ya kusikilizwa yule aliyetoa roho ya mtu, na kumnyima asiyetoa roho, ni jambo linaloisumbua dhamiri. Lakini mantiki ya uamuzi ni kitu kimoja, na mpaka wake ni kitu kingine. Mahakama ya Juu mwaka 2017 iliulizwa swali juu ya kifungu cha 204, nayo ikajibu swali hilo. Haikuulizwa juu ya wizi. Haikuulizwa juu ya watoto walionajisiwa, wala upande wa watoto hao haukuwako mahakamani kusikilizwa.

Tarehe 6 Julai, 2021, Mahakama ya Juu ilizungumza tena. Katika maelekezo yake ilisema kwamba kesi ya Muruatetu ilihusu mauaji peke yake, na kwamba kuipeleka katika makosa mengine kumeleta mvurugano katika utoaji wa adhabu. Anayeona kwamba adhabu ya lazima ya kosa jingine inapingana na Katiba, ilisema, afungue shauri lake Mahakama Kuu, hoja zote zisikilizwe, kisha shauri lipande ngazi mpaka juu. Kwa wafungwa wa mauaji maelekezo hayo yaliweka mizani ya kutumia: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, namna kosa lilivyotendwa, majuto yake, uwezekano wa kurekebika kwake, na madhara yaliyoipata familia ya marehemu. Kwa wafungwa wengine mlango ulifungwa, angalau kwa wakati ule.

Jambo hilo lilitiliwa mkazo tarehe 12 Julai, 2024. Mtu mmoja alikuwa amefungwa miaka 20 kwa kumnajisi msichana wa miaka 15. Kifungo hicho ndicho cha chini kabisa kilichowekwa na sheria kwa kosa lile. Mahakama ya Rufani ilikuwa imekipunguza kikawa miaka 15. Mahakama ya Juu ilikirudisha kifungo cha miaka 20. Ilieleza kwamba maadamu sheria hiyo haijatamkwa kuwa ni kinyume cha Katiba katika shauri lililofunguliwa kwa njia inayostahili, ingali sheria, na mahakama haina ruhusa ya kuikwepa kwa kutumia uamuzi uliohusu jambo jingine.

Hapa ndipo ule usemi wa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, unapopata maana yake kamili. Mwaka 2017 uamuzi wa kileleni uliwafungulia wauaji mlango uliokuwa umefungwa, na hapana hakimu aliyeweza kuwazuia. Mwaka 2021 na mwaka 2024 mamlaka ile ile iliwafungia wengine, na hapana hakimu aliyeweza kuwafungulia. Anayeusifu utaratibu huu siku unapomfaa, na kuulaani siku unapomwumiza, hajauelewa. Nguvu inayomlinda mmoja ndiyo hiyo hiyo inayomzuia mwingine.

Msikilizaji aweza kuuliza: kama uamuzi wa juu ni mbaya, je, nchi itafungwa nao milele? Jibu ni kwamba iko milango halali. Mlango wa kwanza ni kutofautisha, yaani hakimu kuonyesha kwa ukweli kwamba kesi iliyo mbele yake haifanani na ile ya zamani katika jambo la msingi. Mlango wa pili ni mahakama ya kileleni kujirekebisha yenyewe. Mabwana wa sheria wa London, waliokuwa wamejifunga kwa maamuzi yao tangu karne ya kumi na tisa, walijifungua mwaka 1966. Muda mfupi baadaye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyosikiliza rufani za Kenya, Uganda na Tanzania hadi ilipovunjika mwaka 1977, nayo ilisema katika kesi ya Dodhia kwamba itafuata maamuzi yake ya zamani kwa kawaida, lakini itaweza kuyaacha inapoonekana ni haki kufanya hivyo. Katiba ya Uganda imeiandikia Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ruhusa ya namna hiyo.

Mlango wa tatu ni Bunge, na hapo Uganda inatoa mfano mzuri. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kesi ya Kigula, iliyoletwa na wafungwa zaidi ya 400 waliokuwa wakingojea kunyongwa, na mwezi wa Januari mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo. Ilisema kwamba ulazima wa adhabu ya kifo hauafikiani na Katiba, na kwamba mfungwa ambaye hakunyongwa katika muda wa miaka mitatu baada ya rufani yake ya mwisho, adhabu yake igeuke kuwa kifungo cha maisha. Waliohukumiwa kwa ulazima wakarudishwa Mahakama Kuu wasikilizwe. Uganda haikuishia hapo. Mwaka 2019 Bunge lake lilipitisha sheria ya kuuondoa ulazima huo katika vitabu vya sheria. Mahakama ilionyesha kasoro, watunga sheria wakaiziba. Kwa Kenya, uamuzi wa Kigula ulikuwa mfano wa jirani, wa kushawishi tu wala si wa kulazimisha. Hata hivyo majaji wa Nairobi waliusoma na kuutaja mwaka 2017. Jirani hamfungi jirani, lakini aweza kumwonyesha njia.

Tanzania nayo inalijua jambo hili. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kumdhalilisha binadamu, lakini ikaamua kwamba Katiba inairuhusu kwa ajili ya maslahi ya jamii. Tangu siku hiyo uamuzi wa 1995 ndio ulioziongoza mahakama za chini, na hukumu ya Dodoma, pamoja na uzito wa hoja zake, ikabaki kuwa ya kusomwa tu.

Somo linalotoka kwa majirani ni la pande mbili. Kwa mahakama za chini, utii si utumwa. Hakimu asiyekubaliana na uamuzi wa juu aandike sababu zake kwa ufasaha, aufuate uamuzi huo, na aiache rufani ifanye kazi yake. Kwa mahakama za juu, wajibu ni mzito zaidi. Neno lao likitoka bila mipaka iliyo wazi, hawataumia wao. Kutoka Desemba 2017 hadi Julai 2021 ni miaka mitatu na nusu. Katika muda huo wako wafungwa waliopunguziwa vifungo, na wako waliokuwa bado kwenye foleni maelekezo yalipotoka, wakaambiwa warudi. Walikuwa na makosa ya aina moja, na huenda walilala katika chumba kimoja. Kilichowatenga si uzito wa kosa, bali tarehe ya kuitwa mahakamani. Hilo ndilo hasa ambalo utaratibu wa kufuata maamuzi yaliyotangulia uliwekwa ili kulizuia.

Hukumu ya jana humfunga hakimu wa leo ili mwananchi asitegemee bahati. Lakini kamba ya kufungia lazima ionekane mwanzo wake na mwisho wake. Majaji walio kileleni wanapoandika, hawamwandikii mtu aliyesimama mbele yao peke yake. Wanamwandikia pia hakimu wa wilaya ya mbali, na mfungwa atakayesomewa karatasi ile na mwenzake gerezani. Wote hao wana haki ya kujua ni neno gani limekwisha kuamuliwa, na ni lipi bado.